Masanduku ya Mazimbu

Mwezi Julai mwaka 1992 chama cha African National Congress cha Afrika Kusini, ANC, kiliikabidhi Serikali ya Tanzania eneo la Mazimbu, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji wa Morogoro. Kilikabidhi madarasa, mabweni, hospitali, nyumba za walimu, shamba na karakana. Kilikabidhi na makaburi ya watu wake waliofia hapa. Kitu kimoja hakikukikabidhi, nacho ni makaratasi. Hayo yalifungwa kwenye masanduku yakasafirishwa kusini, na leo yako Alice, mji mdogo wa jimbo la Eastern Cape, katika Chuo Kikuu cha Fort Hare.

Msikilizaji mpenzi, jioni hii nataka tuzungumze habari ya masanduku hayo. Na tukishayazungumza, nataka tuulizane juu ya makaratasi mengine ya vijana wa Morogoro ambayo hayakupata mtu wa kuyatia kwenye sanduku.

Tuanze na yale yaliyobahatika. Juni 1976 polisi wa makaburu waliwapiga risasi wanafunzi wa Soweto, na baada ya hapo vijana kwa maelfu wakavuka mipaka kukimbia nchi yao. Wengi walikuwa hawajamaliza shule. Tanzania ikaipa ANC ardhi Mazimbu, palipokuwa shamba la mkonge, na mwaka 1978 masomo yakaanza. Solomon Mahlangu aliponyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na umri wa miaka 22, shule ikachukua jina lake: Solomon Mahlangu Freedom College, kwa kifupi SOMAFCO. Ilikua ikawa mji mdogo. Palikuwa na chekechea, shule ya msingi, sekondari, masomo ya watu wazima, kituo cha Charlotte Maxeke kwa ajili ya akina mama vijana na watoto wachanga, hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Waholanzi, na kiwanda cha samani kilichopewa jina la mpigania uhuru Vuyisile Mini. Kuanzia mwaka 1982 yakaongezeka makazi ya pili huko Dakawa, njia ya Dodoma.

Waliofundisha, waliojenga na waliotibu walitoka kila upande. Walikuwapo wakimbizi wenyewe. Walikuwapo Watanzania wa Morogoro na vijiji vya jirani, walioajiriwa kwenye ujenzi, shambani na jikoni. Na walikuwapo watu wa kujitolea kutoka Uholanzi, nchi za Skandinavia, Uingereza, Ujerumani Mashariki na kwingineko. Wengine walitumwa na serikali zao, wengine na vikundi vya mshikamano vilivyochangishana fedha mitaani, makanisani na vyuoni kwao.

Mahali kama hapo huzaa karatasi kila siku. Wanafunzi walikuwa na viongozi wao na vikao vyao. Vijana wa chama walikuwa na sehemu yao, wanawake nao yao. Mkuu wa shule aliandikia Lusaka, makao makuu ya chama uhamishoni, na Lusaka ikajibu. Kila blanketi na kila pipa la dizeli lilikuwa la kuombwa kwa mfadhili, kwa hiyo kila kimoja kilikuwa na barua yake na hesabu yake. Haya yote yangeweza kuishia jalalani siku ya kufunga shule. Shule ngapi zimefungwa na majalada yake yakauzwa kwa wafunga maandazi? Lakini ANC ilikuwa imeamua kwamba Fort Hare ndicho kitakuwa kituo cha nyaraka zake za uhamishoni, na Machi 1996 Nelson Mandela, akiwa rais wa nchi, akaenda kuifungua hifadhi hiyo mwenyewe.

Mwaka 2004 watafiti watatu, Seán Morrow, Brown Maaba na Loyiso Pulumani, walitoa kitabu cha historia ya SOMAFCO kilichojengwa kwa sehemu kubwa juu ya nyaraka hizo. Kitabu hicho nakiheshimu kwa sababu si cha kusifu tu. Kinaeleza ujasiri wa shule ile, na hapo hapo kinaeleza matatizo ya nidhamu, mivutano kati ya wanafunzi na wakubwa wao, mimba za wasichana, na uhusiano na wenyeji ambao siku nyingine ulikuwa wa kindugu na siku nyingine mgumu. Mwandishi hawezi kuandika hivyo kwa kutegemea hotuba za maadhimisho. Anahitaji karatasi iliyoandikwa siku ya tukio, na mtu ambaye hakujua kwamba miaka ishirini baadaye itasomwa.

Na Fort Hare si mahali pa bahati nasibu. Mandela aliondoka chuoni hapo mwaka 1940 kwa sababu ya mgogoro wa baraza la wanafunzi. Oliver Tambo, mtu aliyeiongoza ANC kwa miaka mingi ya uhamishoni, alifukuzwa hapo hapo mwaka 1942 baada ya mgomo wa wanafunzi, na mwaka 1991 akarudi kuwa mkuu wa chuo. Robert Sobukwe, mpigania uhuru mwingine, aliongoza baraza la wanafunzi hapo mwaka 1949. Chuo kilichowafukuza wanafunzi wake wakorofi ndicho kinachotunza sasa barua za vijana wa Mazimbu. Wanaofanya kazi huko wanajua vizuri kwamba karatasi ya kikao cha wanafunzi inaweza kuwa ndiyo karatasi ya kwanza ya maisha ya rais.

Sisi wa huku tulilijua hilo pia. Julius Nyerere hakuanza siasa kwenye jukwaa la Mnazi Mmoja. Alianza akiwa mwanafunzi Makerere miaka ya 1940, pale yeye na wenzake, wakiwamo Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, walipounda chama cha ustawi cha wanafunzi wa Tanganyika, kisha wakaingia kwenye Tanganyika African Association. Kikundi cha wanafunzi wachache, na tazama kilikoishia.

Sasa turudi Morogoro. Mazimbu leo ni kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Elimu ya juu ya kilimo hapa mjini ilianza mwaka 1965 na chuo cha stashahada. Miaka michache baadaye ukaja ufundishaji wa shahada chini ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili mwaka huo huo, Dakawa, kwenye njia ile ile ya makazi ya pili ya ANC. Mzumbe, ambako palianzishwa shule ya serikali za mitaa mwaka 1953, pakawa na Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, ni chuo kikuu tangu 2001. Kuna Chuo Kikuu cha Waislamu, kuna chuo cha Jordan. Tukisema Morogoro ni mji wa wanafunzi hatukosei.

Na kila chuo kina vyama. Kuna serikali ya wanafunzi, ambayo SUA inaitwa SUASO. Kuna vyama vya fani, vya wanafunzi wa mifugo, misitu na kilimo. Kuna vya dini: TMCS ya Wakatoliki, USCF ya Waprotestanti, TAMSYA ya Waislamu. Kuna vikundi vya mazingira, vya kuchangia damu, vya kufundisha shule za kata wakati wa likizo. Kwa zaidi ya miaka hamsini vijana wamekutana, wamebishana, wamechangishana, wamechaguana. Swali langu ni rahisi. Mtafiti akija leo Morogoro akasema, naomba nione wanafunzi wa hapa walikuwa wanazungumza nini mwaka 1974, ukame ulipokausha mahindi na Azimio la Musoma likawataka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waombe chuo kikuu, tumwonyeshe kabati lipi?

Wewe uliyepita chuo unajua jinsi ofisi ya wanafunzi inavyokabidhiwa. Kiongozi hukaa mwaka mmoja. Uchaguzi ukiisha, mrithi wake hukabidhiwa funguo, mhuri, majina ya waweka saini benki, na deni la steshenari. Mafaili ya mwaka uliopita hubanwa chini kabatini. Mwaka unaofuata yanahamishiwa kwenye boksi lililotoka na karatasi za A4. Mwaka wa tatu boksi liko sakafuni, na masika ya Morogoro, mvua ikishuka Uluguru mchana na usiku, hupenya kila ukuta. Unyevu huleta ukungu, ukungu hulainisha karatasi, mchwa humalizia. Aliyekuwa katibu yuko Songea anatafuta kazi. Aliyepo sasa hajui ndani ya boksi mna nini, na ana mtihani Jumatatu. Analitupa bila kosa lolote, kwa maana hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni mali.

Mali yenyewe ikoje? Shika muhtasari mmoja wa kikao, wa namna ile ambayo kila katibu wa Tanzania anaijua, umeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye kaunta buku. Juu kabisa mahudhurio: waliohudhuria, waliotoa udhuru, wasiotoa udhuru. Hapo tayari mna habari. Kama kwenye vikao vitatu mfululizo wasichana waliohudhuria ni wawili kati ya kumi na watano, umejua jambo kuhusu chuo hicho ambalo takwimu za udahili hazikuambii. Kisha kufungua kikao. Kisha kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita. Kisha yatokanayo, na mimi hapo ndipo ningemwambia mtafiti aweke kiti chake. Kikao cha kwanza kiliazimia kwamba mwenyekiti amwone mshauri wa wanafunzi kuhusu maji ya bweni. Kwenye yatokanayo ya kikao cha pili mwenyekiti anasema alikwenda hakumkuta. Kikao cha tatu alimkuta, akaahidiwa pampu. Cha nne pampu haijafika, na mjumbe mmoja anapendekeza mgomo. Cha tano hakipo, kwa sababu chuo kimefungwa. Ukisoma taarifa ya uongozi peke yake utaambiwa kwamba wanafunzi waligoma ghafla kwa kuchochewa. Ukisoma kaunta buku utaona jambo lilichukua miezi minne, na kila mwezi kulikuwa na mtu aliyejaribu kulizuia lisifike huko.

Hiki ndicho ninachotaka kukisema leo, msikilizaji, kuliko yote. Mwanafunzi wa Tanzania anaandikwa sana, lakini anaandikwa na wengine. Chuo kinatunza faili lake la matokeo, faili la mkopo, na akikosea, faili la nidhamu. Mwanafunzi mtulivu ana faili jembamba, na aliyefukuzwa ana jalada nene lenye mihuri. Historia ikiandikwa kwa majalada hayo, itakuwa historia ya makosa ya vijana kama yalivyoonekana kutoka upande mmoja wa meza.

Chukua Oktoba 1966. Wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao zaidi ya 300, na akajikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara tunasimuliwa bango moja la wanafunzi lililosema afadhali ukoloni, na hasira ya Mwalimu. Mwanafunzi aliyebeba bango lingine alikuwa anasema nini? Usiku wa kuamkia maandamano, nani alisimama mkutanoni akasema tusiende? Nchi ilibadilika kwa siku ile moja, na sisi tumebaki na upande mmoja wa mazungumzo. Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi, wakafukuzwa tena, na chama chao DUSO kikaondolewa, mahali pake ikawekwa MUWATA iliyofungamana na chama tawala. MUWATA nayo ikafa baada ya mgogoro wa mwaka 1990. Kila chama kilipovunjwa, nani alibaki na mafaili yake?

Mlimani, kwenye chuo kikuu cha Dar es Salaam, palikuwa na kundi moja lililojiandikia lenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa mrengo wa kushoto walikuwa na umoja wao, USARF, mwenyekiti wake Yoweri Museveni, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa Uganda. Mwaka 1969 wakaanzisha jarida, Cheche, lililochapwa kwa saiklostaili. Mwaka uliofuata jarida na umoja wenyewe vikapigwa marufuku. Lakini nakala zilikuwa zimekwisha kusambaa, watu wakabaki nazo. Mmoja wa wahariri, Karim Hirji, aliyekuja kuwa profesa wa takwimu za afya, alihariri kitabu kizima cha kumbukumbu za jarida hilo, kikatoka mwaka 2010. Serikali ilifuta chama kwa amri ya siku moja. Karatasi za saiklostaili hazikufutika.

Na Waluguru wanaujua ukweli huu wa kuandikwa na wengine kuliko sisi wa mjini. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milima ya Uluguru kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Julai 1955 watu wakakataa, Matombo kukawa na ghasia, na mpango ukaanguka. Waliotaka kuliandika jambo hilo walikuta nyaraka nyingi, na nyingi ni za mabwana shamba na mabwana wilaya: ripoti za ziara, hesabu za matuta yaliyochimbwa, malalamiko kuhusu ukaidi. Wazee wa koo, waliokuwa na sababu nzito kabisa za ardhi na za uongozi, wanaonekana humo kama watu wanaonung'unika. Wanafunzi wa SUA hupanda milima ile ile kwa mafunzo ya vitendo. Naomba wasije wakaandikwa na wao kama walivyoandikwa wazee wale.

Nikiwa huko mlimani, niseme kidogo juu ya kujitolea, kwa sababu watu wa kujitolea hupotea haraka kuliko hata viongozi wa wanafunzi. Kule Mgeta, kwenye bustani za kabeji na viazi, kuna mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway walioletwa miaka ya 1980 kupitia SUA. Watafiti waliandika makala, na makala zipo maktaba. Lakini mradi kama ule unasimama kwa daftari la mtu aliyekuwa akipima maziwa alfajiri, kwa kikundi cha wafugaji kilichokutana kuamua beberu akae kwa nani mwezi huu, kwa mwanafunzi aliyebaki kijijini wiki moja zaidi bila posho. Daftari la namna hiyo halina jina la profesa juu, kwa hiyo linaishia kuwashia moto.

Mwaka 1991 wanafunzi wachache wa sekondari walikutana na Jane Goodall nyumbani kwake Dar es Salaam kuzungumza juu ya mambo yaliyowasumbua, mazingira na wanyama, na mkutano ule ukazaa Roots & Shoots, ambayo leo iko katika nchi nyingi duniani. Klabu za Malihai zilikuwa zimetangulia, tangu mwaka 1980, zikiwafikisha wanafunzi wa shule za Tanzania kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Vikundi vya aina hii vyuoni Morogoro vimepanda miti mingi kwenye vijiji vya chini ya mlima. Siku moja mtu wa misitu atataka kujua miti ile ilipandwa lini, ya aina gani, na mingapi ilikufa mwaka wa kwanza. Jibu lilikuwa kwenye simu ya katibu.

Simu ya katibu! Tumeingia zama ambazo hata boksi la A4 linaanza kutoweka. Matangazo ya mikutano, mijadala, hesabu za michango, picha za kampeni, vyote viko kwenye makundi ya WhatsApp. Mmiliki wa kundi akimaliza chuo, analifunga au anabadilisha laini. Flashi inapata virusi, laptopu inaibwa kwenye daladala. Nina hofu ya kweli kwamba mtafiti wa kesho atapata habari nyingi zaidi za wanafunzi wa mwaka 1985 kuliko za wanafunzi wa mwaka 2015, na hao wa 2015 ndio waliosoma wakati vyuo vikiwa vimejaa kuliko wakati wowote uliotangulia, wakati bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, likichelewa mji mzima ulijua, mama ntilie wa kwanza.

Turudi Mazimbu, maana kuna upande wa masanduku yale unaouma.

Makaratasi yalipoondoka, kuna watu walibaki. Wanaume wa Afrika Kusini walioishi hapa miaka kumi na zaidi walipenda, wakaoa, wakazaa na wanawake wa Morogoro. Mwaka 1992 baadhi ya wake walisafiri na waume zao kwenda nchi wasiyoijua. Wengine waliachwa, na watoto. Watafiti wawili, Arianna Lissoni na Maria Suriano, wamewaandika wanawake hao kwa heshima, wakiwahesabu kuwa sehemu ya ukombozi wenyewe. Kwa mtoto aliyekua Morogoro akitafuta jina la baba yake, orodha ya wakazi wa bweni, cheti cha kliniki, au barua ya kuomba ruhusa ya kuoa ni jambo zito kuliko historia. Inaweza kuwa ndiyo njia ya kupata ukoo, au uraia. Na ili aitafute karatasi hiyo anatakiwa afike Alice, safari ya nchi kadhaa na nauli ambayo mama yake hawezi kuilipa.

Nao wafanyakazi Watanzania wa Mazimbu, wapishi, mafundi, madereva, wakulima, kwenye masanduku hayo wanaonekana zaidi kwenye orodha za mishahara. Tulipokusanya historia ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika, mradi wa SADC uliopewa jina la Brigedia Jenerali Hashim Mbita ulitoa juzuu tisa mwaka 2014. Ni kazi kubwa na ya kujivunia. Lakini bado yupo mzee Morogoro aliyepiga matofali ya bweni la Mazimbu ambaye hakuna aliyemfuata na kinasa sauti, na wazee hawangoji bajeti.

Sisemi Fort Hare irudishe masanduku. Yale ni makaratasi ya watu wa Afrika Kusini, walilipia kwa damu, na yanatunzwa. Ninachosema ni kwamba nakala za kidijitali za yanayohusu Mazimbu na Dakawa zinastahili kuwapo Mazimbu, katika chuo kinachotumia majengo hayo hayo, ambako mama wa Morogoro anaweza kufika kwa bodaboda. Vyuo vyote viwili ni vya umma. Kimoja kina masanduku, kingine kina mahali, na katikati pana urafiki wa serikali mbili unaotajwa kila mwaka kwenye hotuba. SUA inayo Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1991. Maktaba yenye jina la taifa inaweza kubeba jukumu la namna hii, ikipewa watu na fedha.

Lazima niseme na tahadhari, kwa sababu wapo wanaosikiliza wakiwa na wasiwasi, na wasiwasi wao ni halali. Si kila karatasi ni ya kusomwa na kila mtu. Muhtasari wa kamati ya nidhamu unaomtaja msichana aliyepata mimba akiwa na miaka kumi na saba, barua ya mwanafunzi anayeeleza ugonjwa wake ili asamehewe ada, fomu ya mchangia damu, hivyo ni siri za watu walio hai. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata kabla yake tulikuwa na adabu. Karatasi za namna hiyo zifungwe kwa miaka mingi, na anayezifungua awe na sababu. Lakini kufunga ni kitu kimoja na kuchoma ni kingine. Mkuu wa chuo anayeogopa kwamba kaunta buku za wanafunzi zitamwonyesha vibaya namwomba aangalie tena Mazimbu: ANC iliacha watafiti wasome hata yale yasiyopendeza, na heshima ya shule ile imeongezeka.

Sheria yetu ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inaziangalia ofisi za umma. Chama cha wanafunzi kinakaa ndani ya ofisi ya umma bila kuwa ofisi ya umma, na kwa hiyo kinaanguka katikati. Hakuna afisa masijala anayekuja kukagua kabati lake. Hapo ndipo ninapowageukia makatibu wa vyama vya wanafunzi wa Morogoro mtakaokabidhi ofisi muhula huu, kwa sababu kabla sheria haijabadilika na kabla bajeti haijapatikana, ninyi ndio wenye funguo.

Mihtasari ya mwaka wako itaje jina kamili la kila aliyehudhuria, siyo cheo peke yake, maana mwaka ujao hakuna atakayejua "Waziri wa Mikopo" alikuwa nani. Tarehe iwe na mwaka. Pini na stepo za chuma zitolewe kabla hazijaota kutu, karatasi zifungwe kwa uzi. Yaliyoko WhatsApp yahamishwe: mijadala mikubwa, matangazo, hesabu, yachapwe au yawekwe kwenye diski mbili zinazokaa majengo mawili tofauti. Picha ziandikwe nyuma nani ni nani, kutoka kushoto. Boksi lisikae sakafuni. Yenye siri za watu yafungwe peke yake na kuandikwa juu mwaka wa kufunguliwa. Kisha tengeneza orodha ya vilivyomo, nakala mbili, uende nayo maktaba ya chuo chako pamoja na mshauri wa wanafunzi, mwombe wapokee. Wakipokea, mkutubi asaini nakala zote mbili. Moja inabaki kwake, na ya pili unamkabidhi katibu mpya siku ile ile unayompa mhuri.